Sisimizi Nyuma ya Msonge

Nozuko aliwaona sisimizi kabla hajasikia habari za mguu.

Yeye ndiye aliyefagia uwanja kila alfajiri, kazi ya kila makoti, yaani mkamwana wa boma, ng'ambo ile ya mto Tsomo, na mfagiaji huona mengi ambayo wenye nyumba wangependa yafagiwe bila kutazamwa. Nyuma ya msonge wa baba mkwe wake, penye ua wa mishubiri, mzee alikuwa na mazoea ya kutoka usiku kwenda haja ndogo badala ya kuteremka hadi chooni. Hilo si kosa. Mwanamume katika boma lake haulizwi anakojoa wapi. Lakini asubuhi Nozuko alikuta udongo umelowa, na juu ya udongo ule sisimizi wamejazana kama waliomwagiwa uji wa sukari. Alifagia. Kesho yake walikuwa wamerudi, tena kwa wingi zaidi.

Alijua maana yake. Mama yake mdogo alianza hivyo hivyo kule kwao, na watu wakamtania kwamba mkojo wake ni asali. Waliacha utani siku alipokatwa mguu, na mwaka haukuisha wakamzika.

Sasa amwambie nani? Makoti hatamki jina la baba mkwe wake; humwita Tata, baba, basi. Haingii msonge wake, hamkazii macho usoni, hapiti mbele ya zizi lake, na habari za mwili wake hazimhusu hata kidogo. Na katika yote yaliyo mwilini mwa baba mkwe, mkojo ndio wa mwisho ambao mkamwana mwenye malezi angeanza nao. Mzee mwenyewe watu walimwita Mpinga, jina la ukoo wake, nasi tutamwita hivyo hivyo, maana adabu haijawahi kumwua mtu, au ndivyo tulivyofundishwa.

Siku moja jikoni alijaribu kwa mama mkwe wake, MaDlomo. Alichagua wakati anamenya viazi, apate pa kuweka macho.

"Mama, naona Tata anakunywa maji sana siku hizi."

MaDlomo alikuwa anapepeta maharage. Ungo ulisimama.

"Siku hizi makoti wanahesabu maji ya wakwe zao?"

"Hapana, Mama."

"Basi menya."

Akamenya. Kuanzia siku ile aliamka mapema zaidi, akawafagia sisimizi kabla mtu mwingine hajatoka nje, na kila alipowafagia aliona kama anafukia kitu ambacho bado kinapumua.

*

MaDlomo alikwenda Matatiele kumzika kaka yake, akaaga kwamba atarudi Jumatatu. Jumamosi Mpinga akashindwa kuvaa kiatu. Alikuwa amejikata unyayoni kwa waya wa zizi, kidonda alichokidharau, na sasa mguu ulikuwa umejaa na kung'aa. Kliniki hataki. Wauguzi wa kule, alisema, huwafokea wazee kama watoto waliojinyea. Lakini mjini alikuwapo mfamasia mwenye kibali cha kuwapima watu na kuwaandikia dawa yeye mwenyewe kwa maradhi madogo madogo, vipele, kikohozi, macho mekundu, vidonda, bila mtu kushinda kwenye foleni ya daktari. Mpinga alimpenda kwa sifa moja: ulikwenda kwake na ugonjwa wako, ukarudi na heshima yako.

Baba mkwe naye hamsemeshi mkamwana ana kwa ana kama hapana ulazima. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akamwambia mbwa:

"Kama kuna mtu anafuatana nami mjini, na achukue mkoba."

Mbwa akatikisa mkia. Nozuko akachukua mkoba, akajifunga shali mabegani, akapanda nyuma ya pikapu ya jirani yao Thozamile, mzee akakaa mbele.

Duka la dawa lilikuwa kati ya duka la majeneza na duka la mbegu.

"Wamejipanga vizuri," Mpinga alimwambia Thozamile akishuka kwa taabu. "Huyu akishindwa, unahamishiwa kwa jirani. Jirani akimaliza, unapandwa."

Thozamile alicheka mpaka akashika usukani. Nozuko hakucheka. Alikuwa anatazama jinsi mzee alivyoukanyaga ule mguu, kwa uzito wote, kama mtu asiyeusikia.

Mfamasia aliitwa Vuyelwa, mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe na raba miguuni. Chumba chake cha kupimia watu kilikuwa nyuma ya rafu za sabuni, kidogo mno, viti vitatu na meza ya kukunja. Nozuko alitaka kubaki nje.

"Ingia na wewe, makoti," Vuyelwa akasema. "Wazee husahau maagizo wakifika mlangoni."

Alisema hivyo kwa nia njema, na kwa watu wengine ingekuwa busara tupu. Mlango ukafungwa. Nozuko akajikuta amekaa goti kwa goti na baba mkwe wake katika chumba kisicho na dirisha, na mzee anavua soksi. Hakuwa amewahi kuuona unyayo wake. Alipeleka macho kwenye picha ya figo iliyobandikwa ukutani, akayaacha huko.

"Jina la mzee?" Vuyelwa alimwuliza yeye, kwa kuwa mzee alikuwa ameinama.

Joto lilimpanda Nozuko shingoni.

"Mpinga," mzee akajibu kutoka kule chini.

"La kwenye kitambulisho, Tata."

Mpinga akatoa kitambulisho mfukoni, akakiweka mezani bila neno. Vuyelwa alikuwa mtoto wa huko huko, akaelewa. Alinakili kwenye kadi bila kulisoma kwa sauti, kisha akapiga goti, akaushika mguu na kuubonyezabonyeza.

"Hapa unasikia, Tata?"

"Nasikia." Jibu lilikuja kabla kidole hakijagusa.

"Una ugonjwa wa sukari?"

"Sukari iko jikoni."

"Kiu je?"

"Kiu ya mtu mwenye koo."

"Na usiku? Unaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo?"

Mpinga alitazama mlango, akatazama fimbo, akatazama kila kitu chumbani isipokuwa shali ya mke wa mwanawe. Angekuwa peke yake na mfamasia, huenda angesema. Angekuwa na mkewe, mkewe angemsemea. Lakini ni mwanamume gani atakiri habari za kukojoakojoa mbele ya mkamwana?

"Nalala kama gogo," akasema.

"Basi niache nikuchome kidole. Tone moja tu la damu, tujue tulipo."

"Binti yangu, mimi nimeleta mguu. Kidole sikukileta."

Vuyelwa alicheka, akabembeleza, akaeleza kwamba vidonda vya unyayoni vina ujanja wao. Mzee alikwisha kushika soksi. Ndipo mfamasia akamgeukia Nozuko.

"Makoti, wewe unaishi naye. Kuna chochote unachokiona nyumbani?"

Sisimizi wote wa nyuma ya msonge walimjaa Nozuko kooni. Alifungua mdomo. Pembeni aliuona mkono wa mzee ukikaza fimbo. Akauona ungo wa MaDlomo umesimama, akajiona na yeye mwenyewe anateremshwa kwa baba yake pamoja na virago, makoti wa juzi juzi aliyeutangaza mkojo wa mkwe wake dukani.

"Sioni kitu, dada."

Neno lilitoka jepesi. Aliogopa lilivyotoka jepesi.

Vuyelwa alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akachukua kalamu, akachora mstari mguuni kuuzunguka wekundu wote.

"Kibali changu ni cha maradhi madogo, Tata. Hili nitalitibu kama dogo, kwa sababu ndivyo mnavyoniambia. Wekundu ukiruka mstari huu, au ukianza kutapika, au kusinzia ovyo, si dogo tena, na si langu peke yangu. Mnanipigia papo hapo. Na Jumatatu nataka kukuona, hata kama umepona."

Akaandika namba ya simu juu ya boksi la vidonge. Boksi hakumpa mzee. Alilitia kiganjani mwa Nozuko na kuvifunga vidole vyake juu yake.

*

Jumapili Mpinga alikunywa. Alitaka togwa, na togwa ya boma lile ilipikwa na makoti, kwa kiasi cha sukari alichofundishwa na mama mkwe wake: tia mpaka uone aibu, kisha ongeza. Mtungi wa kwanza ukaisha kabla watu hawajatoka kanisani. Wa pili ukaufuata. Wa tatu Nozuko aliupunguza sukari kwa wizi, akauweka kizingitini mwa msonge, akarudi nyuma akiinama. Haukupita muda ukasukumwa nje umejaa.

"Mwambie aliyepika," sauti ya mzee ilimwambia mbwa, "sukari haijafa humu ndani, tusiikalie matanga."

Nozuko aliurudisha mtungi jikoni. Alishika kijiko, akasimama hivyo, machozi yakimtoka bila sauti. Alijua anachokifanya. Anampa mtu sumu kwa magoti, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akatia sukari.

"Tata," aliuliza kutoka nje alipokwisha kuweka mtungi, macho chini. "Ule mstari wa dada wa dawa upo?"

"Upo. Umekaa."

Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kufunua blanketi na kuangalia.

Alimpigia simu mumewe, Lwandile, aliyekuwa akijenga maghorofa Cape Town. Kelele za mabweni zilimzunguka.

"Baba vipi?"

"Anakula vidonge. Lakini, Lwandile, kuna kitu sikukuambia. Nyuma ya msonge wake, pale anapo... kuna sisimizi."

"Sisimizi gani?"

Akamwambia. Upande wa pili mtu alikuwa anacheka jambo jingine kabisa, na kicheko kile kilimwingia Nozuko kama kimeelekezwa kwake.

"Umemwambia nani?" Lwandile akauliza.

"Wewe tu."

"Basi nyamaza. Unataka watu waseme mke wangu anachungulia baba yangu anakojoa wapi?"

"Sichungulii. Nafagia."

"Najua. Wao hawajui. Mama anarudi kesho, yeye ndiye mwenye mume. Ngoja kesho."

"Kwa mama yangu mdogo nako waliambizana wangoje kesho."

"Nozuko." Sauti yake ilishuka. Yeye pia alikuwa ameogopa, ila mwoga aliye mbali huwa na amri nyingi. "Ngoja kesho, tafadhali."

*

Jumatatu, ng'ombe ndio waliotangulia kujua. Jua lilikuwa limekwisha kuugonga mlima na bado wamo zizini, wanalia. Mpinga hakuwa amewahi kuwachelewesha, hata siku aliyomzika mama yake. Nozuko alisimama na ufagio katikati ya uwanja. Mlango wa msonge ulikuwa umefungwa, na mtungi wa togwa uko kizingitini kama alivyouacha.

"Tata."

Ng'ombe walijibu.

Aligonga kwa mpini wa ufagio, kisha kwa kiganja. Ndani kulikuwa na sauti ya pumzi nzito, ndefu, ya mtu anayepanda mlima amelala. Alitazama huku na huku, kama mwizi. Kisha akavua viatu, akasukuma mlango, akaingia mahali ambapo hakuna makoti aliyewahi kuingia.

Harufu ilimpokea kwanza, tamu tamu, ya matunda yaliyooza. Mzee alikuwa amelala chali, midomo imekauka imepasuka, macho nusu wazi hayatazami kitu. Nozuko akafunua blanketi. Mstari wa kalamu ulikuwapo, kweli umekaa. Wekundu ndio ulioondoka. Ulikuwa umeuruka na kupanda mpaka karibu na goti.

Akakaa chini pale pale, upande wa wanaume, ambako mwanamke haketi. Boksi la vidonge lilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Alipiga namba ile akaikosea, akapiga tena.

"Vuyelwa hapa."

"Dada, mstari umerukwa."

"Makoti? Wa Mpinga? Nieleze. Anaongea?"

"Haongei. Anapumua vibaya. Ananuka matunda."

Karatasi zilichakarika upande wa pili.

"Makoti, nisikilize. Jumamosi nilikuuliza swali."

"Ndiyo, dada." Na hapo likatoka lote, kwa kilio, baba mkwe mwenyewe kalala kando yake: sisimizi, udongo uliolowa, kutoka nje usiku kucha, mitungi ya togwa, kijiko. "Nimewafagia tangu majira ya baridi. Nimewafagia nikanyamaza. Nimemwua, dada?"

"Hujamwua, anapumua. Kulia utalia baadaye. Kuna gari hapo?"

"La kaka Thozamile."

"Ambulansi nitaiita mimi, lakini usikae kuingojea, barabara yenu naijua. Mleteni hospitali, mimi nawapigia simu madaktari wawe tayari. Mlaze ubavu. Usimtie kitu kinywani, hata maji. Sasa mwite."

"Tata," Nozuko akaita.

"Kwa nguvu."

"Tata. Tata."

"Anaitika?"

"Anakoroma tu."

"Tata wako wengi. Mwite kwa jina lake. Mtu akizama, jina lake ndilo linalomfikia mwisho."

"Siwezi, dada."

"Najua huwezi." Sauti ya Vuyelwa ilikuwa ya polepole. "Na mimi nimeolewa. Ninayo kadi yake hapa mbele yangu, nimeandika jina, ningekuitia mimi. Lakini simu haina mikono. Mshike bega, umwite."

Nozuko alimshika bega. Lilikuwa la moto na jepesi kuliko alivyodhani, bega la mtu aliyekonda chini ya koti kwa miezi mingi na kila mtu akaliona koti. Jina lilikuwa limekaa kinywani mwake tangu siku ya harusi, likiwa limefungiwa nyuma ya meno. Hata neno la kutumaini, kwa kuwa kwa lugha yao limo ndani ya jina hilo, alikuwa ameliacha. Alipotaka kusema natumaini, alisema nangoja.

"Sithembele," akanong'ona.

Hakuna kilichoanguka, si paa wala mbingu.

"Sithembele," akasema. Kisha akapiga kelele mpaka mbwa akabweka nje: "Sithembele, amka!"

Kope za mzee zilitikisika. Midomo ikatafuta mate na kuyakosa.

"Nipo," akasema.

*

Walimpakia nyuma ya pikapu juu ya godoro, yeye na Thozamile, na hakuna aliyekumbuka nani amguse nani. Nozuko alikaa naye, kichwa cha mzee mapajani mwake. Thozamile aliendesha kama anayekimbizwa na nyuki. Kila mzee alipotaka kuzama, pumzi ikirudia kuwa nzito na ndefu, Nozuko aliita, na kutoka chini kabisa kukaja lile jibu, kila mara dogo zaidi: nipo.

Njia ilipita katikati ya kijiji. Wanawake walikuwa bombani, na waliisikia sauti kabla hawajaliona gari. Makoti wa Mpinga, kichwa wazi, maana kitambaa kilikwisha kuchukuliwa na upepo, shali nayo imetandikwa chini ya mzee, analitangaza jina la baba mkwe wake barabarani kwa sauti ya kuuza mboga. Mmoja aliziba masikio. Mwingine aliacha ndoo ifurike. Nozuko aliwaona wote, akawajua mmoja mmoja, akajua pia kwamba jioni hadithi itakuwa imefika kila jiko. Aliogopa. Aliwaogopa wao, akaogopa zaidi kimya kilichokuwa kinamwingia mzee, na kwa hofu ile kubwa akaipiga teke ile ndogo.

"Sithembele!"

Walipofika kwenye daraja hakujibu. Aliita tena, akamtikisa, akamwita kwa maneno yote anayoyajua, baba, mzee, Mpinga, mwenye boma. Alirudi kwenye jina. Mkono wa mzee ukainuka kidogo, ukapapasa hewani kama unaotafuta fimbo, ukamshika kidole gumba na kukibana. Hakukiachia mpaka wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu.

Walimtia dripu mikono yote miwili. Daktari kijana alitoka baada ya muda mrefu, akasema sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma, na kwamba wangefika mchana wangekuwa wameleta mtu mwingine, wa kufunikwa. Mguu huenda ukapona. Vidole viwili hapana.

"Wewe ni binti yake?"

"Mkamwana."

Daktari alitazama nywele zake zilizo wazi na miguu yake mitupu yenye vumbi. Alikuwa ameviacha viatu mlangoni mwa msonge.

*

MaDlomo alifika jioni, bila kutia mguu nyumbani, na nguo zake nyeusi za msiba. Nozuko alimwona anakuja kwenye ukumbi wa hospitali, akasimama, akatafuta kitu cha kujifunika kichwa na hakukipata. Alikuwa amekwisha kujipangia adhabu yake. Atarudishwa kwao, atasimama uwanjani kwa baba yake aeleze alichokisema na mahali alipokisema, na baba yake atatafuta mbuzi wa kuja kuomba radhi. Mbuzi mwenyewe hayupo.

MaDlomo alikwenda kwanza chumbani kwa mumewe. Aliporudi alikaa kwenye benchi, akaacha nafasi kati yao.

"Nimekutana na habari zako bombani," akasema. "Kabla sijateremka garini, walikuwa wamekwisha kunisalimu nazo."

"Ndiyo, Mama."

"Wanasema umelitembeza jina la mume wangu kijiji kizima."

"Ndiyo, Mama."

"Na msonge umeingia."

"Niliingia, Mama. Na blanketi nililifunua." Aliona afadhali ayamalize yote. "Na nilimwambia dada wa dawa habari za sisimizi."

MaDlomo alifungua mkoba wake, akaufunga.

"Uliwaona lini?"

"Tangu majira ya baridi."

"Mimi niliwaona kabla hujaolewa." Alisema akitazama sakafu. "Nani alikuwa anafagia kabla yako? Nilikuwa nawamwagia jivu. Ulipokuja nikakupa ufagio, nikashukuru Mungu kwamba sitawaona tena. Halafu ukaja jikoni na viazi vyako, ukaniambia maji." Akaukumbatia mkoba. "Mficha maradhi, kilio humwumbua. Nimetoka kumzika kaka yangu, na kilio kingine nilikuwa nimekilea mwenyewe nyumbani."

Nozuko hakujua makoti anafanya nini mama mkwe akilia. Hilo hakufundishwa. Aliifuta ile nafasi kwenye benchi, akasogea.

Baada ya muda MaDlomo alivua kitambaa chake cheusi cha kichwa. Ndani yake alikuwa na kingine, chepesi, cha kulalia. Kile cheusi akamfunga Nozuko, akakikaza kisogoni kwa nguvu, kama anayefunga mzigo.

"Usipite bombani peke yako wiki hii," akasema. "Tutakwenda wote."

*

Mpinga alirudi nyumbani na fimbo mbili badala ya moja. Siku ya kwenda kupimwa sukari alitaka Vuyelwa. Hospitali walikubali mfamasia awe anampima na kuwapa taarifa. Safari hii walikwenda watatu, na Thozamile alipoegesha kati ya majeneza na mbegu hakuna aliyetania.

Kaunta ilikuwa na mtu mpya, msichana aliyetoka chuoni, ambaye hakumjua yeyote wala ukoo wa yeyote. Nyuma yao watu walijaa mpaka mlangoni.

"Jina la mgonjwa?"

MaDlomo alitazama rafu za sabuni. Nozuko alitazama miguu yake. Mpinga ndiye angejibu, na alikuwa na kitambulisho mfukoni. Mkono wake hata ulianza kwenda. Kisha ukarudi kwenye fimbo.

"Mwulize makoti," akasema. Hakumwambia mbwa. Alikuwa anamtazama Nozuko mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwenye boma lile. "Analijua vizuri. Mpaka ng'ambo ya daraja wanajua kwamba analijua."

Hofu ile ile ilimrudia Nozuko, ya moto, shingoni. Hakujua kama ni utani au ni mtego, au kama ndiyo hukumu iliyokuwa imecheleweshwa mpaka mzee apate nguvu ya kuitoa mbele ya watu. Uso wa mzee haukumsaidia. Alimtazama MaDlomo, akimwomba kwa macho amtoe pale.

MaDlomo alimwekea shali sawa begani.

"Sema wewe uliyekwisha kulisema," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi miaka yote hii bado. Na kuna foleni."

Nozuko akamgeukia msichana wa kaunta.

"Sithembele," akasema.

"Nipo," Mpinga akaitika, akanyoosha kidole cha kuchomwa.